Kijana Akifa Ghafla, Nduguze Wapimwe



Ni mara ngapi tumekaa kwenye mkeka wa msiba wa kijana wa miaka 30 na ushei, tukaelezwa kwamba usiku alilalamika kifua, akapewa dawa ya kiungulia, na alfajiri hakuamka? Husemwa kuwa siku zake zimekwisha, nalo ni neno la haki kwa muumini. Lakini twaona kuwa neno hilo huja mapema mno, likafunga mlango wa swali lenye faida kwa walio hai.

Wengi wangali wakiamini kwamba kuziba kwa mishipa inayolisha moyo ni maradhi ya wazee. Mwaka 1953 madaktari wa Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi wa maiti za wanajeshi 300 waliouawa katika vita vya Korea. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 22, na takribani watatu katika kila wanne walikutwa na dalili za ugonjwa huo. Hao walikuwa vijana wa kubeba silaha!

Sigara, kisukari na shinikizo la damu tunavijua. Kisichotajwa ni lehemu ya kurithi. Mtu mmoja katika kila 300 hivi huzaliwa nayo: ini lake hushindwa kuondoa mafuta mabaya katika damu tangu utotoni, awe mnene au mwembamba, ale pilau au muhogo. Kila mtoto wa mzazi mwenye hali hiyo ana nusu ya uwezekano wa kuirithi. Wengine huota vinundu vya mafuta kwenye kano za visigino; wengi hawana alama yoyote. Kipimo chake ni damu kidogo tu, na dawa za kundi la statini, zikianzwa mapema na kumezwa kila siku, hupunguza sana hatari.

Basi kwa nini nduguze marehemu hawaendi kupimwa? Tuseme kweli: huogopa kuonekana wanaipinga kadari, au ukoo kuitwa wenye maradhi na posa zikakataliwa. Wengine humtafuta mchawi, na kwa hilo fedha hazikosekani. Hali Mtume (s.a.w.) alituhimiza kujitibu.

Na kijana ambaye kifua kinambana, maumivu yakapanda tayani au kushuka mkononi, jasho jembamba likamtoka, asiambiwe alale hadi asubuhi. Msuli wa moyo uliokosa damu huanza kufa kabla ya saa moja kupita. Apelekwe usiku huohuo kwenye hospitali yenye kipimo cha umeme wa moyo.

Hatusemi maiti zipasuliwe. Twasema kwamba siku ya hitma, kaka na dada wote wakiwa bado wamo nyumbani, ami au mjomba asimame awaambie kuwa Jumatatu wote wanakwenda kupima lehemu, sukari na shinikizo la damu, na watoto wa marehemu wanachukuliwa pia.