Waya Ukikatika, Usitupe Iafoni

Kila tunaporudi kutoka likizo husikika malalamiko yale yale: "Iafoni yangu imekufa." Ukiuliza imekufaje, utajibiwa kuwa upande mmoja hausikiki, na mwenyewe ama amekwisha kuitupa, ama anamwomba baba fedha za kununua nyingine. Maoni yangu ni kwamba mara nyingi iafoni hiyo haikufa. Kilichokatika ni waya, na waya hutengenezeka.

Nazungumzia hasa zile za bei kubwa, ambazo mzazi huweza kuzinunua kwa jasho la miezi. Hizo ni jamaa ya zile wavaazo wanamuziki jukwaani. Mwaka 1991 kampuni ya Etymotic Research ya Marekani ilitoa ER-4, na mwaka 1995 fundi wa sauti Jerry Harvey alimtengenezea mpiga ngoma Alex Van Halen za kwake. Thamani yote imo katika vipaza sauti vidogo vilivyomo ndani, navyo vikitunzwa hudumu miaka mingi. Waya wake ni nyuzi za shaba nyembamba kama unywele. Basi si ajabu kwamba waya hutangulia kuharibika.

Waya huharibika kwa sababu tatu. Ya kwanza ni kukunjwa mahali pale pale: kwenye plagi, kwenye njia panda ya waya, na karibu na sikio. Shaba huchoka ikakatika, kama tukatavyo seng'enge kwa kuipinda huku na huku. Ya pili ni jasho, ambalo hupenya chini ya ganda, shaba ikaota kutu ya kijani. Ya tatu ni haraka zetu wenyewe: kuvuta waya badala ya kushika plagi, na kuuzungusha kwa nguvu kwenye simu.

Kabla ya kutoa hukumu, yafaa kupima. Tikisa waya taratibu karibu na plagi, kisha karibu na sikio. Sauti ikija na kupotea, ugonjwa umo hapo. Kama waya unachomoka, badilisha pande, wa kulia uende kushoto. Ububu ukihama pamoja na waya, waya ndio mbovu. Usipohama, tazama kwanza wavu mdogo wa mdomoni, maana nta ya sikio huuziba, na iafoni nzima ikadhaniwa kuwa imekufa.

Ikiwa waya umekatika karibu na plagi, fundi redio yeyote mwangalifu aweza kuukata juu kidogo ya jeraha na kulehemu plagi mpya. Katika plagi ya milimita 3.5 isiyo na maikrofoni, ncha ni ya upande wa kushoto, pete ni ya kulia, na shina ni njia ya pamoja. Lakini azingatie neno moja: nyuzi hizo mara nyingi zimepakwa vanishi, na vanishi isipoondolewa, risasi haishiki.

Kwa hiyo nawaomba wazazi, mkinunua iafoni ya bei kubwa, mwulize kwanza kama waya wake unachomoka. Ziko za namna mbili zinazojulikana sana: MMCX, kama ile ya SE215 ya Shure, ambayo huzunguka kwenye kiungo chake, na ya pini mbili, ambayo haifai kuzungushwa bali kuvutwa moja kwa moja. Zote mbili zisichomolewe kila siku, kwani kiungo hulegea. Wala msishawishike na nyaya za fedha zinazouzwa kwa bei ya iafoni nzima. Shaba iliyo nzima yatosha.

Wako watakaosema kwamba hayo yamepitwa na wakati, kwa kuwa siku hizi ziko iafoni zisizo na waya kabisa. Ni kweli, nazo zina raha yake. Lakini ndani yake mna betri ndogo, na betri huchoka baada ya miaka michache, na katika nyingi haibadilishwi kwa urahisi. Waya uliokatika una dawa, tena ya bei nafuu.

Kwa walimu wetu nina ombi moja. Chama cha Fizikia kipewe meza moja, pasi ya kulehemu na multimita, tujifunze kutengeneza vitu hivi chini ya uangalizi wa mwalimu. Tunasoma habari za mkondo na ukinzani ubaoni, kisha tunatupa jalalani kitu ambacho somo hilo hilo lingekiponya. Elimu ya namna hiyo ina faida gani kwa mzazi aliyelipa?

Nasi wanafunzi tuna wajibu wetu: kushika plagi, kukunja waya kwa duara pana, kuufuta jasho kwa kitambaa kikavu, na kuuweka katika kikopo chake badala ya mfukoni pamoja na funguo. Ni mambo madogo, lakini wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta huo, ndugu zangu, hujengwa kwa fedha za wazazi wetu.