Nuru ndani ya jiwe: Ngualla inatuhusu nini sisi wa Simiyu?

Ukiwa na wimbo kwenye flashi na ukataka nakala kumi, unapata kumi. Taarifa za kwanta hazikubali hivyo. Tangu 1982 wanafizikia wameonyesha kwamba hali ya kwanta usiyoijua hainakiliki. Ndiyo sababu inafaa sana kwa siri, na ndiyo sababu kuisafirisha ni kazi. Kwenye nyaya za mkongo, nuru inayofifia njiani huongezwa nguvu. Ya kwanta ukiifanyia hivyo umeiharibu. Inahitaji kituo cha kusubiri, mpaka upande wa pili uwe tayari.

Kituo kimojawapo kinachojaribiwa ni jiwe. Fuwele hutengenezwa ikiwa na chembe kidogo za madini adimu, kisha hupoozwa hadi karibu nyuzi 270 chini ya sifuri. Leza ikipigwa, atomi zinaipokea nuru na kuitunza. Ikipigwa tena, nuru inatoka. Mwaka 2013 watafiti wa Darmstadt, Ujerumani, waliihifadhi nuru kwa dakika moja kwenye fuwele yenye praseodimiamu. Mwaka 2021 wenzao wa Hefei, China, walifika saa moja kwa kutumia europiamu. Hiyo ilikuwa nuru ya kawaida ya leza. Kufanya hivyo kwa chembe mojamoja za nuru ni mtihani mkubwa zaidi.

Praseodimiamu hiyo tunayo. Iko Ngualla, mkoani Songwe, pamoja na neodimiamu. Aprili 2023 Serikali ilisaini mkataba na Peak Rare Earths ya Australia, na Tanzania ikapata hisa asilimia 16 katika kampuni ya Mamba Minerals.

Tusidanganyane: fuwele moja ya maabara haili hata kiganja cha madini hayo. Wanunuzi wa Ngualla wanatafuta sumaku za magari ya umeme na mitambo ya upepo. Kwa hiyo anayesema kwanta itatutajirisha kwa tani, anatania.

Swali letu ni nani anayetenganisha. Madini haya hukaa pamoja na yanafanana mno kikemia, kwa hiyo kuyachambua moja moja ndiko kwenye ujuzi na thamani. Mpango wa awali wa Peak ulikuwa kusafishia Teesside, Uingereza. Baadaye ikakubaliana kuiuzia makinikia Shenghe ya China. Neno makinikia Watanzania hatujalisahau tangu 2017.

Mkulima wa Bariadi analielewa hili bila fizikia. Anauza pamba mbegu kwa bei ya kilo, halafu ananunua shati kwa bei ya duka. Na hapa hapa kwetu, Dutwa, kuna nikeli ardhini. Kabla haijachimbwa, tungependa madiwani na wabunge wetu waulize mapema itasafishiwa wapi, na ni vijana wangapi wa Simiyu watakaokuwa wamesoma kemia ya kuisafisha.