Blanketi la viraka lilivyoniumbua

Msomaji wangu, wiki hii naomba nitubu hadharani.

Bibi yangu wa Kibondo alikuwa na blanketi la viraka. Viraka vya kwanza vilikuwa vya kaniki na marekani alizorudi nazo babu kutoka Tanga, enzi zile SILABU ilipokuwa ikiwasomba Waha kwenda kukata mkonge, wakiitwa manamba. Babu alirudi pia na kaptula ya kaki iliyochanika makalio. Bibi hakuitupa, akaikata na kuishonea katikati. "Huyu ndiye babu yenu," alikuwa akituambia, nasi tunacheka mpaka machozi.

Mama alipoolewa hapo akaongeza vipande vya kanga zake. Likawa zito, na kwa baridi ya Kibondo mwezi wa saba, si mchezo!

Nilipochaguliwa kwenda sekondari ya bweni, bibi akanikabidhi. "Mume wangu, usije ukaganda huko." Kijana mzima niingie bwenini na matambara? Nilipofika Kasulu kubadili gari, nikambwagia shangazi. Likizo nikamwambia bibi eti limeibiwa. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwizi naye anasikia baridi." Alipofariki, nikajua siri imezikwa.

Kumbe! Shangazi alikuwa akiendelea kushona. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ilipofunguliwa mwaka 1996, akawa anaomba mabaki ya vitenge kwa mafundi wa Kikongo.

Mwezi uliopita nilikwenda Kasulu na binti yangu anayeanza chuo. Shangazi akalitoa sandukuni. Binti akadakia, "Baba, si ndilo lile lililoibiwa?" Maana hadithi ya mwizi nilishamsimulia hata yeye! Nikatamani ardhi ipasuke.

Shangazi wala hakucheka. Akanipa sindano, akanionyesha pembe moja iliyobaki wazi. "Mama alilikuta hapa alipokuja kuniuguza. Akasema pembe hii nisiizibe mpaka mwizi arudi."

Basi bwana, nikabandua mfuko wa shati langu nililovaa, nikashona. Mishono imekwenda upogo, lakini ni mkono wangu. Binti kaondoka nalo chuoni, tena kwa maringo.

Wewe je, kwenu hakuna pembe inayokusubiri? Kama shangazi yupo hai, wahi.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.