Pete ya Kivu: dhahabu inafuatwa, jiwe linapita

Pete ya dhahabu yenye jiwe la turmalini inaweza kutengenezwa Kivu ya Kusini bila kuagiza kitu ng'ambo. Dhahabu inachimbwa Kamituga, turmalini inatoka Numbi, katika eneo la Kalehe, na masonara wapo Bukavu. Hata hivyo, bibi-arusi wengi wanavishwa pete kutoka Dubai, na huenda dhahabu yake ilitoka Kongo ndani ya mfuko wa mtu.

Dhahabu angalau inafuatwa. Sheria ya Marekani ya mwaka 2010 na cheti cha nchi za Maziwa Makuu vinahusu dhahabu, kasiterite, koltani na wolframu. Mawe ya rangi hayamo. Kuyapima na kuyapatia cheti ni kazi ya CEEC, kituo cha serikali, lakini jiwe la gramu chache linaingia ndani ya soksi. Mchimbaji naye anakubali bei anayotajiwa, maana hana wa kumwambia ameshika nini. Pengine ni lile lenye rangi ya waridi katikati na kijani pembeni, kama tikiti maji, ambalo wapenzi wa mawe wanalitafuta sana.

Mawe ya namna hii yanakatwa katika miji kama Jaipur, India, na thamani inapanda huko huko. Wala si uchawi: ni diski inayozunguka, maji, na jicho lililozoea. Sonara wa Bukavu anajua kuyeyusha dhahabu, kuvuta waya, na kupachika jiwe mwisho kabisa, moto ukishaondoka, kwa sababu joto la ghafla hupasua turmalini. Anachokosa ni jiwe lililokatwa vizuri, pamoja na njia ya halali na nyepesi ya kununua dhahabu kwa gramu.

Watasema vita viishe kwanza. Ni kweli, M23 iliingia Bukavu Februari 2025, na hakuna atakayefungua shule ya kukata mawe chini ya bunduki. Lakini inaweza kuanzia Kisangani au Kinshasa, na vijana waliokimbia Kivu wakawa wanafunzi wa kwanza. Serikali inayotaka dhahabu isafishwe nchini, jambo linalodai kiwanda, haiwezi kushindwa na mashine inayowekwa juu ya meza moja.