Eti kutunza mijusi ya chupani ni kupoteza hela?

Leo nina la moyoni, mtanisamehe.

Kuna maneno yameenea hapa chuo: eti hela ya spiriti ya kuhifadhia vyura na mijusi bora iongezwe kwenye bumu. "Mijusi ya chupani itatusaidia nini?"

Haya, sikilizeni. Baada ya vita kuu ya pili, kule Uingereza ndege aina ya kozi walianza kupungua, mayai yanavunjikia kiotani. Mtafiti Derek Ratcliffe akapima maganda ya mayai ya zamani yaliyotunzwa kwenye makumbusho na majumbani kwa watu, akalinganisha na mapya. Akakuta maganda yalianza kuwa membamba mwishoni mwa miaka ya 1940, wakati ule ule DDT ilipoanza kutumika kwa wingi. Matokeo aliyatoa mwaka 1967. Waliookota yale mayai ya kale hata hiyo DDT hawakuijua! Yangetupwa, ushahidi ungetoka wapi?

Na kutunza si kufungia kabatini basi. Spiriti kwenye chupa hupungua, lazima iongezwe. Kuna vijidudu vinavyotafuna ngozi, manyoya, hadi wadudu wenzao waliochomwa pini. Unyevu unaleta ukungu. Lebo ikipotea, hujui tena mnyama alikamatwa wapi na lini, umebaki na pambo tu. Ni kazi ya kila siku, haina sherehe wala kukata utepe, ndiyo maana wakubwa hawaipendi.

Mnataka kuona mwisho wake? Rio de Janeiro, usiku wa tarehe 2 Septemba 2018, Makumbusho ya Taifa ya Brazil yenye vitu kama milioni 20 yaliungua. Wazima moto wakakuta mabomba ya karibu HAYANA MAJI. Mamilioni ya wadudu waliokusanywa kwa miaka na miaka, majivu. Na kilio cha bajeti kilikuwepo siku nyingi tu.

Halafu sisi tunapiga kelele mifupa ya dinosaria wa Tendaguru kule Lindi, iliyochimbwa na Wajerumani 1909 hadi 1913, irudi kutoka Berlin. Irudi, hata mimi nasema irudi! Lakini ukidai mifupa bila kudai kabati, lebo na mshahara wa mtunzaji, unadai picha ya gazetini tu.

Kwa hiyo nyie mnaogombea uongozi wa wanafunzi, mkija kuomba kura yangu swali ni moja: zile chupa zetu zinaongezwa spiriti lini?

Nawasilisha.