Bukavu–Uvira: upepo wa mipira bado unapimwa kwa teke

Asubuhi mapema, kwenye parkingi za Bukavu, motoka zinazoteremka Uvira zinajaa watu kabla jua halijatoka. Shofere anazunguka motoka yake, anapiga kila mpira teke moja, anasikiliza sauti, anapanda. Manometa, kile chombo kidogo cha kupima upepo, haionekani kabisa.

Lakini mguu haujui kupima. Mpira usio na mpira mwingine ndani una mbavu ngumu: unaweza kupoteza robo ya upepo wake na machoni bado uko sawa. Kwa motoka ndogo nyingi kipimo ni kati ya bar 2 na 2.5, ao "kilo mbili" mpaka "kilo mbili na nusu" sawa vile wanavyosema watu wa kwado. Kimeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa pembeni ya mlango wa shofere. Kwa zile motoka za Japani zenye volani kuume, maandishi yanaweza kuwa ya Kijapani, lakini namba zinasomeka: 220 kPa ni bar 2.2. Namba ya presio iliyo kwenye ubavu wa mpira ni kitu kingine. Ile inaonyesha mwisho wa kile mpira wenyewe unaweza kubeba, na wengi wanaifuata bure wakifikiri ndiyo ya motoka yao.

Mpira wenye upepo kidogo unajikunja kila unapozunguka, na kule kujikunja ndiko kunaleta joto. Joto hilo linakula mpira kutoka ndani, pahali jicho halifiki, mpaka siku ubavu unapasuka, mara nyingi motoka ikiwa na mwendo na mzigo. Ukijazwa kupita kiasi nao una ubaya wake: unagusa chini kwa katikati tu, breki zinashika vibaya, na jiwe linaukata kwa urahisi.

Sasa tuangalie njia yenyewe, pale inapopitika. Bukavu iko karibu metre 1,500 juu. Barabara inapita Nyangezi, inashuka makona ya Ngomo mpaka Kamanyola, kisha inafuata bonde la Ruzizi, Luvungi na Sange, mpaka Uvira, kwenye karibu metre 800. Kati ya asubuhi ya Bukavu na mchana wa Uvira hewa inaweza kuongezeka digrii zaidi ya 10, na kila digrii 10 zinaongeza karibu bar 0.1 ndani ya mpira. Kujikunja kwa mpira kunaongeza tena. Ndipo shofere mwingine, akigusa mpira na kuona unawaka, anasimama katika bonde na kutoa upepo "ili usipasuke." Anafanya kinyume cha kile kinachotakiwa. Mpira ulipangiwa kupanda hivyo, na kipimo cha karatasi ni cha mpira baridi, motoka ikiwa imelala ao haijapita kilometa tatu. Akitoa upepo Sange, kesho asubuhi anarudi kupanda Ngomo na mipira iliyolegea.

Hata hivyo, kwenye njia hii tatizo kubwa zaidi ni mzigo. Kila mpira una namba ya uzito unaoruhusiwa. Mpira wa 195/65 R15 wenye namba 91, ambao ni wa kawaida sana, unabeba kilo 615. Minne inabeba 2,460. Chukua motoka yenye uzito wa kilo 1,600. Weka watu saba, kila mmoja kilo 65: jumla ni 2,055, hakuna shida. Weka kumi na mbili, pamoja na kilo 200 za mifuko juu ya paa: jumla inafika 2,580. Hapo mipira imekwisha kuzidiwa hata kama upepo wake ni kamili, na mipira ya nyuma ndiyo inaumia zaidi. Ikiwa upepo umepungua, zile kilo 615 hazipo tena. Hakuna kwado anayeweza kurekebisha hesabu hiyo kwa kompresa.

Mashofere wanaijua, hata bila karatasi. Lakini wengi wao wana pesa ya kupelekea mwenye gari kila jioni, na kizuizi cha njiani nacho kinakula. Watu watano wa ziada ndio faida ya siku. Kwa hiyo kumlaumu shofere peke yake ni kuangalia nusu ya jambo: mwenye gari anayepanga ile pesa ya jioni naye yumo, na ndiye anayechagua kununua mipira ya okazioni.

Kwa mipira hiyo kuna kitu abiria anaweza kusoma yeye mwenyewe kabla ya kulipa. Ubavuni, mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne: 2314 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2014. Na kama mpira umekwisha pembeni zote mbili huku katikati bado kuna meno, motoka hiyo imetembea muda mrefu bila upepo wa kutosha. Kwenye parkingi ya alfajiri, taa ya simu inatosha kuviona vyote viwili.