Filamu za Sayansi Katika Maktaba Zetu



Hapa Yakobi tunapanda njegere, lakini ni wangapi tunaojua kwamba mtawa Gregor Mendel alizitumia njegere za bustani ya monasteri kugundua kanuni za urithi, akazichapisha mwaka 1866? Mtoto akiyasoma hayo ubaoni huyakariri. Akiyaona katika filamu huenda shambani kwa mama yake kuchunguza maua na maganda.

Jambo hili si geni nchini mwetu. Kati ya mwaka 1935 na 1937 filamu za mafunzo zilitengenezwa Vugiri, milimani Usambara, zikazungushwa kwa lori katika Afrika Mashariki. Lakini lori lilionyesha, likaondoka, na mwenye swali akabaki nalo. Maktaba haiondoki. Na tangu mwaka 2014 tunacho kipindi cha Ubongo Kids, kilichobuniwa Dar es Salaam, kinachofundisha hesabu na sayansi kwa Kiswahili.

Twaona basi kwamba maktaba za umma zitenge saa moja kila Jumamosi: filamu fupi, maelezo ya mwalimu, na vitabu vya somo hilohilo vikiwa mezani. Pasipo vitabu, filamu itabaki burudani tu.

Nasi wazazi tuna wajibu wetu. Saa hiyo tusiwatume watoto kuchimba viazi, na wakirudi na maswali tusiwanyamazishe. Kuuliza si ujinga.